Zinalia, Ila Hatuziwashi

Kila mgeni aliyeingia sebuleni kwetu Morogoro kwa mara ya kwanza aliuliza swali moja. Alikaa kwenye kochi, akapokea maji, akazungusha macho, na macho yakaishia kwenye zile spika mbili ndefu zilizosimama kushoto na kulia kwa runinga kama askari wa lango la benki. Zilimfikia mtu mzima kifuani. Juu ya kila moja kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki. Mgeni aliuliza: "Hizi zinalia?" Mama alijibu vilevile kila mara: "Zinalia, ila hatuziwashi."

Mwaka jana, muhula wa kwanza wa shahada yangu ya uzamili, tulipewa kazi ya kuandika uhakiki wa kitu chochote ambacho si kitabu. Wenzangu walichagua khanga, maandishi ya daladala, mabango ya waganga. Mimi nikachagua sebule yetu, na ndani ya sebule nikachagua zile spika. Nilizichambua kwa kurasa nane. Nilisema ni sauti iliyogeuzwa samani, ni majivuno ya tabaka linalotaka lionekane limefika, ni uongo uliovishwa kitambaa. Nikapata alama nzuri kuliko kazi zote nilizowahi kuandika.

Leo nauhakiki uhakiki ule. Naamini nilikosea mahali pawili, na mahali pamoja naona bado nina hoja, ingawa hoja yenyewe sikuwa nimeielewa nilipoiandika.

Nianze na zilivyofika. Baba alizinunua Kariakoo mwaka 2009, alipolipwa kiinua mgongo. Ilikuwa seti nzima ya homu thieta: spika mbili ndefu za mbele, moja fupi ya katikati, mbili ndogo za nyuma, sabufa, na deki ya kuviunganisha vyote. Maboksi yalikuwa makubwa hata konda akamlipisha nauli ya viti viwili zaidi. Pale Msamvu akakodi mkokoteni. Jioni ile majirani walikuja mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kuona mtoto mchanga. Baba akatoa amri moja tu kwa sisi watoto: tusiziguse. "Nzito hizo," alisema. "Ikikuangukia tunakuzika."

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelekezo yenye mchoro wa mtu ameketi katikati ya chumba, spika zimemzunguka. Mchoro huo si wa kiwanda kile pekee. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, lina mwongozo wake: spika za mbele zikae nyuzi 30 kushoto na kulia kwa msikilizaji, na zile za kuzungusha sauti zikae kwenye nyuzi 110 hivi, yaani pembeni na nyuma kidogo ya masikio. Baba aliuangalia mchoro, akaikunja karatasi, akapanga spika zote tano upande wa mbele. Zile mbili za nyuma alizipandisha juu ya kabati la vyombo, zikitazama tulikotazama macho ya wageni. Filamu ikitaka helikopta ipite nyuma ya kichwa chako, kwetu ilipita juu ya birika la chai.

Katika zile kurasa nane, hapo ndipo nilipocheka zaidi. Niliandika kwamba familia yetu ilinunua chombo cha kuuzungushia mwili sauti, kisha ikakipanga kama maharusi wanaosubiri kupigwa picha. Darasa zima lilicheka. Mwalimu pia.

Kosa langu la kwanza lilitokana na kutojua spika zilikopata ukubwa wake. Niliandika kana kwamba ukubwa ni wazo la watu wa Morogoro. Ukweli ni kwamba spika na samani zimeishi pamoja kwa muda mrefu, na mwanzoni haikuwa kwa ajili ya pambo. Sauti nzito, ile tunayoiita besi, inahitaji kusukuma hewa nyingi, na kwa miaka mingi njia ya uhakika ya kusukuma hewa nyingi ilikuwa kutengeneza sanduku kubwa. Mwaka 1946, kwenye mji mdogo wa Hope katika jimbo la Arkansas, Marekani, Paul Klipsch alianza kuuza spika iitwayo Klipschorn. Ilikuwa kubwa mfano wa kabati la nguo, na ilibuniwa kukaa kwenye kona ya chumba tu, kwa sababu kuta mbili za kona ndizo zilizomalizia kazi ya pembe iliyofichwa ndani yake. Ukiitoa kwenye kona umeipunguza. Aliyeinunua alikuwa anaikabidhi kona ya nyumba yake.

Mwaka 1957 kampuni ya JBL ikatoa Paragon, spika ya kushoto na ya kulia ndani ya kabati moja la mbao lenye upana unaokaribia mita 2.7, uso wake umepindwa ili sauti idunde na kusambaa chumbani. Mtu asiyejua angeweza kudhani ni kabati la sahani. Radiogramu za zama hizo nazo zilikuwa na miguu minne, milango, na mbao zilizong'arishwa kwa vanishi. Fundi wa redio na seremala walikuwa wanafanya kazi moja. Kitu kikubwa kilikuwa hakina budi kuingia ndani ya nyumba, basi kikavishwa nguo za nyumbani.

Wakati huohuo kulikuwa na watu waliokuwa wanaiondoa sababu ya ukubwa. Mwaka 1954, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research. Villchur alikuwa amegundua kwamba hewa ikifungiwa kabisa ndani ya sanduku inaweza kufanya kazi ya springi, ikaisaidia spika kurudi mahali pake. Kwa njia hiyo besi ya kina ikatoka kwenye kisanduku kinachoenea kwenye rafu ya vitabu. Sanduku kubwa bado lina faida zake, hasa kwa anayetaka mlio mkubwa kwa umeme kidogo. Lakini kuanzia hapo swali likawa halali: kama besi inaweza kutoka kwenye kisanduku cha rafuni, lile kabati ni la nini?

Jibu la swali hilo nililipata msibani.

Baba alifariki mwaka 2019. Kama ilivyo desturi, sebule ilibidi ibaki tupu ili mikeka itandikwe. Vijana wa mtaani wakaja kutoa vitu: makochi, meza, kabati, runinga. Wawili wakaisogelea spika ya kushoto. Mmoja akashika juu, mwingine akainama chini, wakahesabu moja, mbili, tatu. Ikapaa. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba nguvu waliyoiandaa ilikosa cha kubeba, wakakaribia kuigonga darini. "Kumbe nyepesi!" akasema yule wa chini, akacheka, kisha akakumbuka alipo na kuziba mdomo. Ile ya pili ilibebwa na mtu mmoja, kwapani, mkono mwingine umeshika kapeti. Mama alikuwa amekaa ukutani. Alitazama. Uso wake haukuonyesha mshangao wowote.

Baada ya arobaini, mdogo wangu aliifungua moja kwa bisibisi. Juu kulikuwa na spika mbili, kila moja na upana wa inchi tatu. Chini yake hewa. Lile duara la tatu, kubwa kuliko yote, ambalo miaka kumi tulidhani ndilo linalotoa besi, lilikuwa plastiki tupu iliyogandishwa kwenye ubao. Besi yote ilikuwa ya sabufa, kile kisanduku kilichokaa sakafuni pembeni ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukiulizia.

Kwa kurasa nane niliuita huo uongo, na nikamhesabia baba. Sasa nauliza: nani alimdanganya nani? Katika seti yenye sabufa, spika za mbele zingeweza kuwa na ukubwa wa mkate. Kiwanda kilijua hivyo. Kiliongeza mita nzima ya ubao chini ya spika mbili za inchi tatu, kikabandika duara la plastiki, kwa sababu kilijua kinauzia macho. Yaani kilitengeneza samani na kuiuza kwa jina la chombo cha muziki. Baba hakuigeuza spika kuwa samani. Alinunua samani, akaitumia kama samani. Alikisoma kile kitu vizuri kuliko mimi na nadharia zangu zote.

Na bila shaka alijua uzito wake. Ni yeye aliyezishusha kwenye mkokoteni usiku ule na kuziingiza ndani. "Nzito hizo," akatuambia. Nimelifikiria sana neno hilo. Mtu aliyelipwa fedha za mkupuo mara moja maishani hawezi kuwaambia wanawe kwamba walichoona kimeingia mlangoni kina hewa ndani. Pengine alikuwa anatuchunga sisi tusiangukiwe. Pengine alikuwa anazichunga spika zisijulikane. Naona yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Kuna mfano wa karibu ambao ulipaswa kunijia mapema. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, yapo magofu yenye makaburi ya nguzo, na kwenye nguzo zake zilipachikwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Katika nyumba za mawe za Lamu, ukuta wa chumba cha ndani ulichongwa zidaka, vishubaka vingi vya kupangia vyombo vya thamani, kauri za China zikiwemo. Bakuli lililojengewa kwenye nguzo ya kaburi halitatiliwa mchuzi tena. Hakuna mtafiti anayeliita uongo. Tunaandika juu yake kwa heshima: biashara ya bahari, hadhi, kumbukumbu ya marehemu. Niliwahi kusimama Kunduchi na darasa langu nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nikanukuu maelezo kwenye daftari kwa adabu zote. Miaka michache baadaye nikaikuta tabia ileile nyumbani kwetu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, nikaipa jina la majivuno. Kilichobadilika ni bei ya kauri na umri wa kitu. Mahakama yangu ya ladha iliwasamehe waliokufa zamani na kumhukumu aliyekufa juzi.

Kosa la pili nilionyeshwa na mama.

Likizo iliyopita aliniomba nimsomee ile kazi iliyopata alama. Niliiandika kwa Kiingereza, kama tunavyotakiwa, kwa hiyo nilikuwa naisoma huku nafasiri. Ndipo nilipoisikia. Neno nililoliona la kitaalamu kwenye karatasi lilitoka mdomoni kama tusi. Nilipofika kwenye majivuno ya tabaka nikaanza kuruka mistari. Mama alikuwa anakunja nguo. Hakukasirika. Nilipomaliza akasema: "Umeandika vizuri. Mbona hujaandika nani alikuwa anazifuta vumbi?"

Nikasema ni kweli, ningeongeza.

"Na vile vitambaa?"

Vile vitambaa alivifuma yeye. Hilo nilikuwa nalijua. Nilijua pia kwamba aliuza vitambaa, na kwamba fedha ya vitambaa ndiyo iliyoninunulia godoro na ndoo na sare nilipokwenda bweni kidato cha tano. Ambacho sikuwahi kukiunganisha ni mahali wateja walipoviona. Waliviona juu ya spika. Mgeni akiuliza kama zinalia, mama akijibu kwamba zinalia ila hatuziwashi, swali lililofuata mara nyingi lilikuwa: "Na hiki kitambaa umekipata wapi, shoga?" Pale juu kilikaa juu kidogo ya macho ya aliyeketi, peke yake, kwenye weusi unaokitoa vizuri. Juu ya meza kingefunikwa na vikombe. Spika iliyojaa hewa ilikuwa dirisha la duka.

Niliandika kurasa nane juu ya kitu kisichofanya kazi, na kwa miaka yote hiyo kilikuwa kazini.

Sasa hoja yangu inayobaki. Sitaki kumaliza kwa kuwapongeza wazazi wangu kana kwamba sebule ile haikuwa na gharama. Ilikuwa nayo, na tuliilipa sisi tuliokuwa tunaishi ndani yake. Runinga tuliitazama kwa sauti ya runinga yenyewe. Homu thieta iliwashwa Krismasi, mwaka mpya, na siku Taifa Stars ikicheza mechi kubwa. Watoto tulikaa chini kwenye kapeti, mbali na spika, na tulilijua umbo la nyaya zake kama mtu anavyojua mpaka wa shamba la jirani. Chumba kizuri kuliko vyote nyumbani kilikuwa cha watu wanaokuja kwa saa moja.

Kwenye kazi yangu nilimtaja Erik Satie, mtunzi wa muziki wa Ufaransa, zaidi ili nionekane nimesoma. Satie alitaka uwepo muziki wa samani: sauti ikae chumbani kama kiti, isisikilizwe. Machi 1920, kwenye ukumbi wa maonyesho ya picha jijini Paris, muziki wake huo ulipigwa wakati wa mapumziko ya tamthilia. Watu waliambiwa waendelee kutembea na kuzungumza. Muziki ulipoanza wakanyamaza, wakarudi kwenye viti, wakasikiliza, na Satie akawa anazunguka akiwahimiza wazungumze. Nilikitumia kisa hicho kama kinyume cha kwetu: yeye alitaka sauti iwe samani akashindwa, sisi tukafanikiwa bila kujaribu. Ni mzaha mzuri, lakini niliacha jambo moja. Satie aliwatawanya wapigaji kwenye pembe za ukumbi. Sauti ilitoka pande zote, ikawazunguka watu. Labda ndiyo maana walishindwa kuipuuza. Sauti inayotoka mbele yako unaweza kuipa mgongo. Inayokuzunguka huna pa kuipa mgongo.

Desemba iliyopita, mimi na mdogo wangu tulizishusha zile spika mbili ndogo kutoka juu ya kabati la vyombo. Nyaya zilikuwa fupi, tukaziunga, tukazipitisha chini ya kapeti, tukaziweka nyuma ya makochi kwenye stuli mbili, kushoto na kulia, kama mchoro ulivyosema miaka kumi na tano iliyopita. Tukaweka filamu. Sikumbuki hata jina lake. Katikati yake kulikuwa na mahali mvua inaanza kunyesha, kwanza matone machache, kisha nyingi. Mama akainuka ghafla, akavaa ndala, akatoka nje. Alikwenda kuanua nguo.

Alirudi akiwa hana nguo mkononi, anatucheka na anajicheka. Alikaa. Akasema turudishe nyuma mpaka pale mvua inapoanza. Tukarudisha. Akasikiliza akiwa ametulia, uso kwenye runinga, na mkono wake mmoja umeshika sikio kwa juu kama mtu anayepokea simu. Tukarudisha tena. Mara ya tatu akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa: "Baba yenu hii hakuisikia."

Hiyo ndiyo gharama, na sikuiandika kwa sababu sikuwa naijua. Si kwamba spika kuwa samani ni aibu, wala si kwamba ni uongo. Ni kwamba mtu alikaa miaka kumi mbele ya kitu kilichoweza kuileta mvua nyuma yake, akakiweka pale ambapo wageni wangekiona. Sidhani kama alikosea. Aliyeishi nyumba za kupanga miaka yote ile, kisha akajenga yake, alihitaji zaidi watu waone amefika kuliko kusikia helikopta. Ila namwonea huruma kwa ile mvua, na uhakiki wowote wa sebule ile usio na nafasi ya huruma hiyo haujaifika sebule.

Mdogo wangu sasa ana kazi, na ana mpango. Anataka kuitundika runinga ukutani na kununua saundiba, ule ubao mwembamba mweusi unaokaa chini ya skrini. Anasema inatoa sauti nzuri kuliko yote tuliyokuwa nayo, haichukui nafasi, haikusanyi vumbi, na wageni hawataiona. Nimeisikiliza kwa rafiki yake. Ni kweli, sauti yake ni safi, na kwa watu wengi inatosha kabisa. Spika ndefu anataka azitoe, kwa sababu hata mnunuzi wa vyuma chakavu hatazitaka: ni ubao na hewa. Zile ndogo za nyuma amekubali zibaki mpaka saundiba itakapofika.

Jumapili moja alikuja na futi ya kupimia. Akapima ukuta, akaweka alama mbili kwa penseli, akamwita mama aone runinga itakavyokaa. Mama aliutazama ukuta, akautazama ule ubao mwembamba kwenye picha ya simu, akauliza:

"Vitambaa vyangu nitaviweka wapi?"

Mdogo wangu akanitazama mimi, msomi wa nyumba. Alama za penseli bado zipo ukutani.